Jina la Kipa wa Maboza

Siku ya kwanza nilipoingia kwenye kibanda cha chai cha Nunow, mjini Garissa, karibu na maegesho ya malori, sikusalimiwa. Nunow alinitazama kuanzia mlangoni hadi nilipoketi, akaweka birika chini, akasema kwa sauti iliyofika barabarani, "Waryaa, hii bua yako imefika zamani. Wewe nakuja lini?"

Kibanda kizima kikacheka. Mimi ni mtu wa Witu, jina langu ni Shee, na pua yangu ni ya kurithi. Babu yangu alikuwa nayo na hakuna aliyewahi kuilalamikia. Nilinuna, nikanywa chai yangu kwa hasira, na kwa bahati mbaya ilikuwa chai tamu sana, ya maziwa ya ngamia na hiliki. Kesho yake dereva nisiyemjua alileta lori gerejini kwetu akauliza, "Sanweyne yuko wabi?" Sanweyne ni mwenye pua kubwa. Huo ulikuwa mwaka wa tisini na nne, na tangu hapo, ng'ambo ile ya daraja la Tana, jina la Shee lilibaki kwenye kitambulisho tu.

Ndivyo walivyo Wasomali, na nimewakasirikia mpaka nimechoka. Akina Abdi na akina Mohamed ni wengi mno, kwa hiyo kila mtu hubandikwa jina la utani, wao huliita naanays, na jina lenyewe huenda moja kwa moja mahali panapouma. Mwenye kengeza ataitwa Kengeza. Aliyeng'oka meno ataitwa Kibogoyo. Wala huruhusiwi kukasirika. Ukienda kushtaki kwa wazee kwamba fulani amekuita vibaya, wazee watakucheka, maana nao wana yao. Nimemwona mtu mzima mwenye mvi akijitambulisha kwa askari kizuizini, "Mimi ni Kidole Moja," bila haya hata chembe.

Kila mtu aweza kutoa jina, lakini majina ya Nunow ndiyo yaliyoshika. Alikuwapo mfanyabiashara mmoja aitwaye Salat, mwenye tabia ya kusinzia popote alipoegemea. Nunow akamwita Hurdo, yaani usingizi. Salat alichukia, akafunga duka, akahamia Mandera kabisa. Alisema mwenyewe kwamba mteja wake wa kwanza kule aliingia akasema, "Hurdo, habari ya safari?" Malori yalikuwa yamemtangulia. Jina la Nunow lilienda kokote ambako lori huenda, Liboi, Wajir, Moyale, na likifika halikurudi.

Yeye mwenyewe aliitwa Laangare, kiguru. Ngamia alimkanyaga nyonga akiwa mdogo huko upande wa Wajir, na tangu hapo alitembea kwa kuinama kushoto. Alichunga mpaka ukame wa tisini na mbili ulipommaliza. Hakuremba habari ile hata kidogo. "Ngamia ya mwisho alikufa asubuhi," alisema, "mimi nikafaa fiatu nikabanda lori." Garissa alimkuta Bishara, mjane mwenye kibanda, sufuria mbili na ulimi mkali, wakaoana. Bishara alikuwa na kibanda, Nunow alikuwa na mdomo, na madereva walikuja kwa vyote viwili.

Sasa hoki. Nitaieleza kama tulivyoelezwa sisi, ili nawe ushangae kama sisi.

Pale Dadaab, penye kambi za wakimbizi, alikuwapo mhandisi wa visima, Mkanada aitwaye Russell, ambaye Nunow alimwita Magoti Mekundu kwa sababu alivaa kaptura na jua halikumhurumia. Madereva wa maboza ya maji walikaa saa nyingi wakisubiri kisima kijaze matangi. Siku moja Russell akawaita ofisini awaonyeshe kanda ya video ya mchezo wa kwao. Nunow alikuwapo, alikuwa amepanda boza kupeleka nyirinyiri, nyama ya kukaushwa, kwa wateja wake wa Dadaab. Wakaona watu wenye helmeti na viatu vya visu wakiteleza juu ya maji yaliyoganda, wakigombania kitu cheusi kwa magongo na kubamizana ukutani. Nunow alitazama mpaka mwisho. Kisha akasema, "Sisi maji ya kunywa hakuna. Hawa nakanyaga."

Russell alicheka mpaka akakaa chini. Lakini jicho lake lilikuwa kwenye hangool ya dereva mmoja. Hangool ni gongo la mchungaji, lenye panda upande mmoja na ndoano upande wa pili, la kukokotea matawi ya miiba wakati wa kujenga boma la mifugo. Ukiligeuza, ile ndoano inalala chini vizuri kabisa. Basi. Nje ya Dadaab kulikuwa na dimbwi lililokauka, udongo wake mgumu kuliko sakafu ya gereji. Mimi nikakata kiduara cha tairi kuukuu. Madumu manne yakawa magoli. Ikawa hoki ya barafu, isipokuwa barafu.

Russell alirudi kwao mwaka uliofuata, mchezo ukabaki. Timu zilikuwa mbili, ya maboza na ya wafanyakazi wa mashirika, na tulikutana kila mwezi. Kwa sababu yangu mimi na makanika wenzangu wawili wa Mwingi, lugha ya timu yetu ikawa Kiswahili, kile cha Garissa, ambamo p hupumzika na b hufanya kazi yote, na f humshikia v zamu. Nunow hakuweza kukimbia. Alikaa juu ya dumu lililopinduliwa pembeni ya uwanja, akiita majina ya wachezaji kwa mayowe, na watazamaji wakiyarudia. Mtu alicheza vizuri zaidi akiitwa na Nunow, hilo nalikubali hata kwa pua yangu.

Nahodha alikuwa Warsame, Ilkacase, mwenye meno mekundu. Maji ya visima vya kwao yalimtia meno rangi ya kutu tangu utotoni. Alikuwa na maboza yake mawili, alisali swala zake tano, na neno lake lilisikilizwa. Kipa alikuwa Abdimalik.

Nieleze juu ya Abdimalik. Alikuwa na miaka thelathini na kidogo, mrefu, mpole, dereva wa boza kuukuu kuliko yote. Alijifunga mipira ya ndani ya tairi magotini na kifuani, akajilaza mbele ya kile kiduara bila kufumba macho. Sijaona kipa kama yule. Na hakuwa na jina la utani. Kwa watu wale hilo lilikuwa jambo la ajabu kuliko pua yangu. Tulipomuuliza Nunow, alisema, "Huyu bado. Sijaona mlango ya kuingilia."

Mwaka wa tisini na sita kaka yake Abdimalik alikuja kutoka Wajir na habari ya mchumba. Familia imeshapata msichana, wazee wameshazungumza. Abdimalik akakataa. Kaka akambana kwa maswali, ana mke wa siri, ana ugonjwa, amerogwa, na yeye, mtu asiyejua kudanganya, akamwambia ukweli. Moyo wake haukuwa kwa wanawake. Aliwahi kumpenda mwanaume, na hataoa binti wa watu ili amharibie maisha.

Kaka mtu alitoka hapo akaja moja kwa moja kibandani kwa Nunow, palipojaa madereva, akayasema yote kwa sauti. Nadhani hakukusudia, hasira ilimtoa nje kabla hajajua anakwenda wapi. Mwisho alisema, "Huyo si wetu tena," akatoka, akapanda lori la kwanza la Wajir.

Hakuna aliyenywa chai. Bishara peke yake ndiye aliyeendelea kusugua sufuria.

Warsame hakupiga kelele. Angepiga kelele nisingemwogopa kiasi kile. Alikaa siku chache akifikiri, kisha akaja kibandani mchana mmoja nikiwapo, akaketi mbele ya Nunow. "Adeer," akasema, yaani ami, "huyu mtu hawezi kukaa na sisi. Tunabadilisha nguo bamoja, tunalala njiani bamoja. Lakini mimi nikimfukuza, wajomba yake watakuja, watauliza kwa nini tumeaibisha ukoo yao. Itakuwa kesi."

"Sasa?" akauliza Nunow.

"Mbe jina. Siku ya mechi, mbele ya watu. Jina haina kesi." Akamwangalia. "Na iwe ya Kiswahili, hata watu ya Nairobi waelewe. Mwite Shoga. Ataondoka mwenyewe."

Ulikuwa uovu uliopimwa vizuri. Hakuna baraza la wazee ambalo lingesikiliza malalamiko juu ya naanays, na jina likitoka kwa Nunow lingemfuata Abdimalik mpaka mwisho wa barabara zote. Asingepata kazi, asingepata nyumba, na siku moja angekutana nalo mahali penye watu wabaya kuliko sisi.

Nunow akasema, "Na mimi nikikataa?"

Warsame alisimama, akakunja shuka yake begani. "Chai yako tunakunywa sisi, adeer. Chai iko kila mahali." Akaaga kwa heshima zote na kwenda zake.

Abdimalik alijua. Mji ule hauna siri inayolala mahali pamoja siku mbili. Alileta boza gerejini nimkazie breki, na nilipokuwa chini ya gari aliniongelesha kwa upande wa gurudumu, nikiona viatu vyake tu.

"Sanweyne, hii breki iwe ya kufika mbali."

"Mbali wapi? Kambi ya Ifo unakopeleka maji ni hapo Dadaab tu."

"Mechi ikiisha nabeleka maji Ifo. Nikibewa ile jina, sirudi. Nitaacha boza kwa mwenyewe, niendelee Liboi, nifuke huko ng'ambo."

Nilitoka chini ya gari. Ng'ambo ile, Somalia, wakati huo ilikuwa bunduki tupu, watu wakikimbilia kwetu kwa maelfu. "Wanakimbia huko, wewe uende huko?" nikamwambia. "Una wazimu?"

"Huko hakuna mtu ananijua." Alifuta mikono yake ingawa haikuwa michafu. "Mimi sitaki kitu kubwa. Nataka kuendesha gari na kucheza hoki. Lakini siwezi kuitwa hifyo kila siku na kuitika."

Hakulia. Mimi ndiye niliyekasirika kwa niaba yake, nikakaza zile breki kwa nguvu mpaka nikakata nati.

Jioni yake nilimkuta Nunow amekaa nyuma ya kibanda, mguu mbaya ameunyosha. Akaniuliza, "Sanweyne, Kiswahili ni yako. Hiyo neno ya Ilkacase, maana yake nini hasa?"

"Inategemea nani anasema," nikamwambia. "Mama yangu kule Witu ana shoga yake. Mwanamke rafiki yake. Wamekua pamoja, wamezalishana, mama akipika kitu kizuri sahani ya kwanza ni ya shoga yake. Akimwita, 'Shoga we!' unasikia mapenzi mpaka mtaa wa pili. Lakini wanaume wakilitumia kwa mwanaume, ni lile analolitaka Ilkacase."

"Kwa hiyo neno ni moja."

"Ni moja."

"Mdomo ndio mbili," akasema.

Bishara alikuwa akisikiliza kutoka jikoni, kama kawaida yake. Akatokea na mwiko mkononi. "Wewe, mtoa majina," akamwambia mumewe. "Kila mtu unambatia jina ya kitu imezidi ama kitu inakosa. Huyu bua, huyu mguu, huyu meno. Sasa huyu kijana anakosa nini?"

"Hakuna kitu anakosa. Mwili yake kamili."

"Mimi sijauliza mwili," alisema Bishara, akarudi kwenye moto wake.

Nilimsihi Nunow akatae, ajifanye mgonjwa siku ya mechi. Akatikisa kichwa. Alisema akikaa kimya, Ilkacase atatoa jina mwenyewe, na watu wamekaa wanangoja jina, watashika lolote. Sikuwahi kumwona Nunow akiogopa kazi yake kabla ya siku ile, na alisema wazi kwamba anaogopa.

Siku ya mechi tulikwenda Dadaab na msafara, askari mbele na askari nyuma kwa ajili ya majambazi wa njiani. Abdimalik aliendesha peke yake. Watu walikuwa wengi kuliko kawaida pale dimbwini, madereva, wachuuzi, wafanyakazi wa mashirika, wakimbizi wa Ifo waliokuja kwa miguu. Habari zilikuwa zimewatangulia hao pia. Timu ya mashirika, ambayo nusu yake ilikuwa vijana kutoka Nairobi, ilisimama upande wake ikinong'ona.

Warsame alitukusanya katikati. "Kabla ya mchezo," alisema kwa sauti ya juu, "kiba yetu bado hana jina. Adeer Nunow atamba jina leo."

Umati ukasogea. Abdimalik alikuwa ameshafunga mipira yake magotini. Alisimama na hangool yake wima, macho chini. Nilimtazama nikajua kwamba boza lake limeelekezwa upande wa Ifo, na breki nimezikaza mimi.

Nunow aliinuka kwenye dumu lake akaja akichechemea. Alimzunguka Abdimalik pole pole, kama alivyofanya kwa kila mtu, akimkagua. Watu wakaanza kucheka kabla hajasema neno, maana huo ndio ulikuwa utamu wenyewe.

"Mguu mrefu," akasema Nunow, "lakini warefu tunao wengi. Sikio, ndogo. Ninyi mmeona sikio ndogo hifi? Hiyo nitaachia banya." Kicheko. "Boza yake ni mzee kuliko mimi, lakini hiyo ni aibu ya boza." Kicheko tena, hata wale wa Nairobi. Kisha akasimama mbele yake na kicheko kikaisha chenyewe. "Nimetafuta kitu huyu mtu anakosa. Nimetafuta mwaka mbili. Jumabili nimeibata."

Akavuta pumzi, akalitoa kwa yale mayowe yake ya uwanjani.

"Keenna!"

Sikulielewa. Lakini niliona nyuso. Tadicha, mshambuliaji wetu, Mborana wa Wajir anayekijua Kisomali kama mwenyewe, alinigeukia. "Wetu," akaninong'oneza. "Amemwita Wetu." Kisha, kwa mazoea tu, kwa sababu Nunow akiita jina umati hurudia, Tadicha akapaza sauti, "Keenna!" Na wengine, kwa mazoea hayohayo, wakaitikia kabla hawajafikiri. Jina likazunguka dimbwi lile mara moja, kisha mara ya pili kwa nguvu zaidi.

Baadaye walinifundisha kitu ambacho Kiswahili chetu hakina. Kisomali kina "wetu" mbili. Moja humtoa nje yule unayezungumza naye, ni wetu sisi, wewe haumo. Nyingine humtia ndani, ni wetu sisi pamoja nawe unayesikia. Kaka yake aliposema si wetu tena, alitumia ile ya kwanza. Nunow alichagua ya pili. Haikuwezekana kulisikia jina lile ukabaki nje yake.

Warsame alikuwa amegeuka rangi. "Hiyo si jina!"

"Jina imetoka," akasema Nunow.

"Mimi nasema hifi, Keenna hatacheza..." Warsame akakatika katikati. Alikuwa ameyasikia maneno yake mwenyewe. Wetu hatacheza. Mwanamke mmoja muuza maziwa alicheka kwa sauti kubwa, halafu wengine, halafu wote. Warsame akajaribu tena, meno yake nje. "Abdimalik! Abdimalik hatacheza!"

Nunow akaangalia huku na huku, mkono juu ya macho. "Abdimalik ni nani? Haba kuna mtu ya jina hiyo?"

"Hakuna!" umati ukajibu. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya naanays, na Warsame aliijua kuliko mimi. Hata yeye hakuna aliyemwita Warsame.

Lakini jina halijakamilika mpaka mwenyewe aitike. Nunow akamgeukia tena yule kipa, sauti yake sasa ya chini. "Keenna."

Abdimalik alikuwa bado ameinamisha kichwa. Nilifikiri hataweza. Kisha akasema, "Haa," ndiyo, kwa sauti iliyokwaruza, akavuta pua, akaenda kusimama kati ya madumu yake mawili.

Tulishinda au tulishindwa, sikumbuki, na sijali. Nakumbuka kijana mmoja wa timu ya mashirika alinijia wakati wa mapumziko akaniuliza kwa dhati kabisa, "Huyo kipa wenu mnayemwita Kina, ni kina nani?" Nikacheka mpaka nikamwagikiwa na maji. Jioni boza kuukuu lilipeleka maji Ifo, na asubuhi lilirudi Garissa.

Nisikudanganye kwamba kila kitu kilinyooka. Warsame aliondoka kwenye timu na wachezaji wawili, na kweli alihamisha chai yake, yeye na marafiki zake. Bishara alipunguza unga wa mikate yake ya anjera kwa miezi kadhaa. Wako waliokataa kumpa Abdimalik mkono, na wengine waliomsalimia wakitazama pembeni. Nunow mwenyewe, nilipomuuliza anaonaje jambo lenyewe, alikunja uso. "Mimi si sheikh. Mungu anajua watu yake. Mimi natoa majina." Zaidi ya hapo hakusema, na mimi sikumsukuma.

Lakini uwanjani kulikuwa na mtu mwingine niliyemwona. Alikuwa mkimbizi wa Ifo, mfasiri wa shirika moja, ambaye kila mwezi alitazama mechi zetu akiwa amesimama mbali, nyuma ya maboza, peke yake. Mechi iliyofuata alisogea. Iliyofuata tena alikuja na dumu lake mwenyewe, akalipindua karibu na la Nunow, akaketi. Nunow hakumuuliza kitu. Alimtazama tu viatu na kumwambia fiatu kama hizo zinafaa kupewa jina peke yao, na yule kijana akacheka kama mtu aliyekuwa amesahau namna ya kucheka.

Mwaka uliofuata, kabla ya zile mvua kubwa zilizokata barabara na kuzamisha uwanja wetu, alikuja mama mmoja kibandani. Nilikuwa pale, nakunywa chai. Alikuwa mzee, mwembamba, vumbi la safari mpaka kwenye nyusi. Alikataa kuketi. Alisema anaitwa Ramla, ametoka Wajir na lori la mbuzi, anamtafuta Abdimalik.

"Abdimalik gani, habaryar?" dereva mmoja aliuliza kwa adabu, kama unavyomuuliza mama mdogo wako. "Abdimalik ni wengi."

Akataja baba yake. Akataja babu yake. Madereva wakatazamana. Hawakuwa wakimficha, jina hilo walikuwa wameshalisahau, ndivyo mji ule ulivyo. Mama akaanza kumweleza kwa mikono, mrefu hivi, mpole, anaendesha gari la maji. Sauti yake ilikuwa ikipanda. Alisema wanawe wamemkataza kuja. Alisema ameambiwa mtoto wake amevuka mpaka, wengine wamemwambia amekufa, na kwamba nyumbani kwake sasa ni mwiko kumtaja.

Dereva akapiga paja lake. "Aa! Mrefu, kiba? Si ni Keenna!"

"Keenna yuko," akasema mwingine. "Asubuhi tulikuwa naye."

"Keenna amebeleka maji, atarudi sasa hifi. Keti, hooyo."

Yule mama alisimama katikati ya kibanda. Alimtazama dereva wa kwanza, akamtazama wa pili, watu wasio wa ukoo wake, mikono yao ikiwa na grisi, ambao walikuwa wamesema neno lile kirahisi namna ile na kuendelea na chai yao. Nunow aliinuka kumpa kiti, na mara hiyo moja hakuwa na mzaha wowote mdomoni. Mama hakukiona. Alikuwa akilisema lile neno polepole, bila sauti, midomo tu, akilionja.

Kisha akafunga vizuri shela yake, akageukia barabara.

"Keenna anabitia njia gani?" akauliza. "Nataka kusimama mahali ataniona."